Punje ya Mwisho

Saa sita usiku, maabara ya pili, chuoni Dodoma.
Upepo unarusha vumbi la Ng'ong'ona kwenye vioo.
Programu yangu bado inazunguka,
feni inanguruma kama mashine ya kusaga isiyo na mtama.
Nimeiomba ipange namba nane. Nane tu.

Asubuhi Dakta Masinjila alitufundisha mitindo:
upo wa amri, hatua baada ya hatua;
upo wa tamko, unataja unachotaka, unanyamaza;
na upo wa fanksheni,
kila kazi humkabidhi mwenzake ilichopata.
Wenzangu waliandika. Mimi nilicheka kimoyomoyo,
maana hiyo ni nyumba yetu, kule Hombolo.

Baba ni amri: Chukua ndoo. Nenda bombani.
Ikijaa, rudi. Isipojaa, ngoja.
Siku bomba lilipokauka nilingoja hadi giza,
hali ile hakuwa ameiandikia mstari.
Shangazi Mbeleje ni tamko:
"Nikirudi nikute vyombo vinang'aa."
Kwa maji yapi? Hayo hayamhusu.

Na bibi, gunia la karanga miguuni pake:
"Gawa nusu kwa nusu.
Hii mpe Ndahani, ile mpe Mazoya,
na uwaambie maneno yaya haya niliyokuambia wewe."
Gunia likawa madebe, madebe yakawa visado,
visado vikawa konzi,
hadi kwa Chedego, miaka mitatu, makamasi puani,
na karanga moja kiganjani.

Moja haigawanyiki.
Akaimenya. Akaila.
Tulitaka kumchapa; bibi alicheka hadi machozi:
"Mwacheni. Huyo ndiye aliyejua pa kuishia."

Narudi kwenye kioo, nasoma mstari kwa mstari.
Nimeandika gawa. Nimeandika mpe mwenzio.
Chedego sikumwandika.
Nusu ya hamna inaipa hamna nusu yake,
na hamna hiyo inatafuta mdogo wake wa kumpa.

Naongeza: ikibaki moja, irudishe.
Irudishe, Chedego, usiile.
Namba nane zinajipanga kabla sijapepesa.

Kesho, kasema Dakta, tutathibitisha
kwamba haiwezekani kuandika programu
ya kuzikagua programu zote, bila kukosea,
na kusema ipi itasimama, ipi haitasimama milele.
Darasa liliguna. Mimi nimeandika pembeni mwa daftari:
ndoo, bombani, hadi giza.
Ukiwatazama kwa mbali,
anayengoja maji yaliyo njiani
na anayengoja yasiyokuja
wamekaa vilevile.