Namba Tasa

Umeme ulikatika Kadutu nzima.
Mama mdogo Nsimire akachukua kipande cha makala
pembeni ya mbabula, akaandika kwenye mlango wa jikoni:
mbili kwa kipeo m, mara tatu kwa kipeo n,
sawa na mia sita arobaini na nane.
"Zitafute hizo mbili. Bugali haujasongwa bado."

Nikabahatisha. Nikaweka tano, nikaweka mbili,
nikafuta kwa kiganja, kiganja kikawa cheusi.
"Usibahatishe," akasema, akichambua sombe.
"Shuka nayo, kama unavyoshuka kwenda ziwani.
Gawa."

Mia tatu ishirini na nne.
Mia moja sitini na mbili.
Themanini na moja. Hapo mbili ikagoma
kama pikipiki kwenye matope ya Funu.
Nikabadilisha, nikashuka kwa tatu:
ishirini na saba, tisa, tatu,
moja.

"Hesabu hatua zako."
Tatu za mbili. Nne za tatu.
"Na jibu jingine?"
Nikalitafuta hadi koroboi ikaanza kukohoa.
"Hakuna," akasema. "Anza na tatu, changanya upendavyo,
utafika chini na mawe yaleyale mfukoni."

"Zinaitwaje hizi zisizogawanyika?"
Mkono wake ukasimama juu ya majani.
"Tasa. Namba tasa."

Nililijua neno hilo. Nililisikia bombani,
wanawake wakipanga madumu yao ya njano.
Nililisikia Jumapili ile wakwe walipoleta sanduku lake
limefungwa kamba, wakalitua kizingitini,
wasikae hata kunywa maji.

Sikumtazama usoni. Niliutazama mlango.
"Aliyeziita hivyo," nikasema, "hakujua hesabu.
Nane imetoka wapi kama si kwa mbili?
Themanini na moja ina mama gani mwingine?"

"Alijua," akasema. "Ila alisimama upande mmoja.
Aliona kwamba hakuna kinachoingia ndani yake kuigawa.
Zinazotoka hakugeuka kuzitazama."

Akapangusa mikono kwenye kitenge,
akaandika chini ya maandishi yangu, herufi kubwa:
nane kwa kipeo x, sawa na thelathini na mbili.
"Hii jibu lake halitoki zima.
Usiogope."

Tulikula usiku sana, bugali umeshapoa,
tano juu ya tatu ikitutazama mlangoni.