Inchi Moja na Robo

Kura zilikuwa saba kwa sita.
Mwenyekiti wa kamati akagonga meza, akanywa maji,
akasema ripoti itatoka Alhamisi, saa nne asubuhi,
"baada ya kuzibwa yale yasiyofaa kutoka."

Mimi ni mtu wa mashine ya kunakili, chumba cha chini,
Bunge la Jimbo la Maine, mjini Augusta,
ambako bomba la joto hukohoa usiku kucha
na mto Kennebec umeganda hata mbwa anauvuka.
Husemwa siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi kata ni mimi. Ila kata hii
ilitia sahihi karatasi ya kunyamaza.

Kurasa mia tatu na nane, zote juu ya nyumba ile ya vijana
kule msituni, iliyowalea kwa kufuli.
Mawakili walishapita na weusi wao.
Kuna ukurasa umebakiwa na neno moja tu: kisha.
Kisha nini? Mashine haiulizi.
Siku ile ilidai wino mara tatu,
jambo ambalo sijaliona hata msimu wa bajeti.

Doreen Thibodeau alikuwa wa kwanza mlangoni.
Wabunge wanamjua: miezi kumi na tisa
safu ya nyuma, chupa ya chai mapajani,
kila kikao, hata vile vya leseni za kuvua kambakoche.
Ni fundi cherehani. Hakulia.
Alifungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
akavua futi shingoni,
akakipima kile kipande cheusi
kama anayempima mtoto suruali ya shule.

"Inchi moja na robo," akaniambia.
"Wewe unazo herufi hizi hizi. Nichapie jina."

Nikatazama kamera ya darini. Nikatazama futi.
Watu wamefukuzwa kazi kwa madogo kuliko hilo,
na nyumbani nina midomo minne
na deni la mafuta ya kupashia nyumba.
Nikachapa. Lucien Thibodeau. Karatasi tupu, mstari mmoja.

Tukaenda dirishani, theluji ikimulika.
Akaweka karatasi juu ya karatasi, akaisogeza
kidogo, tena kidogo, kama anayelinganisha mshono,
hadi L ikaingia mwanzo wa weusi
na u ikakomea ukingoni,
bila kupelea, bila kuzidi.

Ndipo akaisoma sentensi nzima kwa sauti,
jina likiwa mahali pake:
Lucien Thibodeau aligonga mlango
tangu saa saba usiku hadi saa kumi.
Hakuna aliyefungua.

Ghorofani mwenyekiti alikuwa mbele ya waandishi,
akisema umma sasa umepata ukweli wake.

Doreen alikunja futi. Akaomba nakala sita za jina,
kwa wale sita waliokataa.

Nikachapa kumi na tatu.