Fundo la Isale

Nilitaka safu tatu zaidi za mahindi.
Basi.
Nikang'oa masale ya mpakani,
nikakata mringaringa uliokuwa ukinipunja jua,
matawi nikayachoma Jumamosi moja hapa Uru,
majivu yakaruka hadi kwa Ndeshukurwa,
kwenye mashuka aliyoanika.
Hakusema neno. Alianua.

Mvua za masika hazikunigombeza,
zilichukua tu.
Usiku kucha udongo uliteremka,
mwekundu, mzito kama uji wa ulezi,
ukaziba mfongo,
na kulipokucha safu zangu tatu
zilikuwa zimelala shambani kwa mtu nisiyemjua jina.
Maharage yaliyosalia yalichanua bila mgeni.
Nyuki walishahama.

Kwetu mkosaji hapigi hodi mikono mitupu.
Nilikata isale pamoja na shina lake,
jani nikalipiga fundo,
nikasimama uani kwake
kama mtoto aliyevunja chungu.

Alilipokea, akaligeuzageuza.
Kisha akatoka nalo, mimi nyuma,
hadi penye lile shimo,
akalifungua fundo kwa meno,
akalichomeka shina ardhini, akashindilia kwa kisigino.

“Hili moja ni la maneno,” akasema.
“La udongo ni mia na themanini.
Njoo kesho na jembe.”

Na mringaringa je? nikauliza, macho chini.

Akanipeleka nyuma ya banda la mbuzi.
Miche arobaini, kwenye pakiti za maziwa,
imefika magotini.

Alianza kuotesha
siku ileile ya majivu.