Mbuzi Ya, Mbuzi Wa

Nalipwa kwa saa. Leo nimeitwa Leicester,
orofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
niwe mdomo wa Bwana Faki na mdomo wa Bi Chumu,
ambao miezi saba sasa wanasemeshana kwa barua za mawakili
na bado wanatumia choo kimoja.

Bwana Prentice akapanga karatasi mezani kama mgawa karata.
Tukaanza na vikubwa: nyumba ya Evington,
matofali mekundu, rehani imebaki miaka kumi na mmoja.
Pensheni ya udereva wa basi.
Toyota yenye mlango mmoja wa rangi ya kuazima.
Kiwanja cha Wete, kilichoandikwa jina la kaka wa mume.
Hapo Bi Chumu aliguna. Guno sikulitafsiri.

Upatu ulinitoa jasho.
Wanawake kumi na wawili, pauni mia kila mwezi,
zamu ya Bi Chumu ilifika Machi, na fedha ziko wapi?
"Zimo kinywani mwake," akasema, akamnyooshea kidevu,
nami ikanibidi nimweleze Bwana Prentice
kwamba meno matatu ya juu ya Bwana Faki, ya bandia,
kwa maoni ya mke, ni mali ya ndoa.
Bwana Prentice akaandika.
Bwana Faki akafunga mdomo.

Sofa waliimaliza kwa sentensi moja.
Televisheni haikupata mtu.
Friza ikaenda kwa mke, pamoja na nguru waliomo.

Kisha ukurasa wa nne, chini kabisa, kwa kalamu:
*mbuzi*.
Mume kaandika, mke kaandika,
kila mmoja kazungushia duara lake.

Mimi nililetwa Hull nina miaka sita.
Kiswahili changu ni cha jikoni na cha simu za Ijumaa,
kimetoboka visiginoni.
Nikasema, kwa Kiingereza kilichonyooka,
kwamba wateja wanagombania mnyama.

Bwana Prentice akauliza anafugwa wapi,
na kama halmashauri ya mji ina habari.
Ana umri gani? Je, wangekubali
akae kwa mama siku za kazi, kwa baba wikiendi?

Nikalirudisha swali kama nilivyolipokea:
"Anauliza mbuzi wenu ana umri gani."

Kimya.
"Mbuzi *wa*?" akasema Bi Chumu. "Mwanangu, mbuzi *ya*!
Mbuzi ya kukunia nazi!"
Mabega yakaanza kumtikisika.
Bwana Faki akalaza paji la uso juu ya pensheni yake,
akainuka na yale meno ya upatu yote nje:
"Bahati hajazaa."
"Angezaa, ungewaandika jina la kaka yako."

Wakacheka mpaka mke akatafuta leso,
na mume, bila kutazama, akamsogezea yake.
Bwana Prentice alinigeukia, kalamu tayari.
Nikasema: wanacheka.
Akasema hilo analiona.

Ikabidi nieleze: kigoda, jino la chuma,
unakikalia kama unayepanda punda mfupi.
Thamani? Hakuna aliyejua.
Melton Road nazi inauzwa imeshakunwa, imegandishwa.

"Ni ya mama," akasema Bwana Faki, polepole.
"Mama alinipa mimi. Miaka kumi na tisa naikalia,
wewe hata nazi hujui kuipasua."
"Alitupa."

Hapo nikakwama.
Alitupa sisi, au alitupa jalalani?
Nikamwuliza Bwana Faki. Akatazama dirisha.
Nikamwuliza Bi Chumu. Akaikunja ile leso mara nne,
akaitia mkobani mwake.

Fomu yangu nimejaza saa mbili na nusu.
Ukurasa wa nne tuliuacha na duara zake mbili.
Nikiwa kituoni nikawaona wanapanda basi la Evington,
mke akashika ngazi kwenda juu,
mume akabaki chini, karibu na dereva,
wakizungumzia njia mpya na zamu za usiku.