Hesabu ya Mashati

Kazi yangu ni kufua,
na kila doa najua,
la chai, la kuungua,
kwa sare zote kambini.

Ni barabara ya nane,
pasi za mkaa nne,
kamba ndefu, mzione,
huku kwetu Ngamiani.

Ng'ambo, taa ya Ulenge
yapepesa kwa mawenge,
na kambi ina kilinge
cha waya mpaka pwani.

Wakitaka kuondoka,
mashati huja haraka:
"Leo hii twayataka!"
Nami nahesabu ndani.

Thelathini, boti moja;
sitini, mbili pamoja;
na sweta nazo zikija,
watalala baharini.

Kitwana alinijia,
baiskeli kashikia,
suruali kakunjia,
fenesi liko kapuni.

Akanena: "Ndugu yangu,
sina haja na mizungu,
wala ramani, mwenzangu;
mashati, idadi gani?"

Kila juma laki mbili.
Mkaa nao ni ghali,
sikuuliza maswali,
nikatia kibindoni.

Doria ikitokea,
magendo yashapotea,
na redio yaongea:
"Hakuna kitu majini."

Kisha usiku wa kiza
boti ilijitokeza,
risasi zikaijaza
mkondoni mwa Mwambani.

Mwezi wa Mfungo Tatu
zikaja sare za watu,
zimeloa, zina kutu;
moja haikuwa ndani.

Ya Semkiwa, kijana,
sikuwahi kumuona,
kifungo cha pili hana,
na jina lake kolani.

Nilimwekea kifungo,
kiko juu ya mlango;
sikuujua mpango
uliopikwa mezani.

Likaja gwanda la nyota,
la Kamanda. Nikapata,
mkono ulipopita,
karatasi mfukoni.

Yameandikwa mashati,
yangu yote, kwa wakati;
ya Kitwana ile hati,
na jina langu mwishoni.

Nyuma, wino wa Kamanda:
njia boti itakwenda,
saa, na penye kupinda,
na alama ya Mwambani.

Mwenye kutuma doria
ni yeye! Kilomjia
mashati kuulizia
kwa dobi ni kitu gani?

Anahitaji mkosa,
mtu aliyela pesa,
siku ikifika hasa
akamtupe shimoni.

Nayo sikuiunguza,
wala sikuitangaza;
ndani ya kola, kwa giza,
niliishona laini.

Kola siyo ya Kamanda:
mkaguzi mwenye inda,
toka Dodoma, kuwinda
anayeuza sirini.

Wanga nikauzidisha,
pasi nikaipitisha;
asubuhi ikamwasha,
ikamchoma shingoni.

Kikao, akajikuna,
mara moja, mara tena,
mshono akauona,
akatia wembe ndani.

Sikuwepo; nasikia
Kamanda alitulia,
chai akamalizia,
kofia ipo pajani.

Kitwana kaacha ile
baiskeli; iko pale,
kuku wanalala mle
kikapuni, Chumbageni.

Nami walinichukua,
siku tisa kusumbua:
"Nani mwingine ajua?"
Nikajibu: "Ni sabuni."

Laki mbili nilikula.
Hilo doa, nikilala,
laja lenyewe, si hila,
halina dawa dukani.

Mamaye alipofika,
toka Muheza kashuka,
shati la pili kataka
la mwana, liko kambani.

Kifungo nikakishusha,
uzi nikaupitisha,
mikono ikanichosha,
macho nikaweka chini.

Akatoa noti moja
ya kufulia. Nangoja
nikatae; haikuja
sauti, imo kooni.

Naye akaweka noti
chini ya pasi, na shati
kalipakata, haketi,
akenda zake stendini.

Ile noti bado iko.
Sare zaja kwa vifuko,
kamanda mpya, kicheko:
"Mhina, vipi uani?"

Nafua bila hesabu.
Ila vidole, ajabu,
usiku, bila sababu,
vyahesabu thelathini.