Ubao wa Nélida

Paysandú, Jumamosi, saa mbili asubuhi.
Nélida Etchegaray anafuta ubao wa bucha kwa kiwiko,
anaandika kwa chaki: PAJA LA KUKU, NUSU YA BEI YA UBAVU.
Chini yake, kwa herufi za kuinamia:
dengu bure kwa atakayeuliza.

Ubaldo haulizi.
"Ubavu wa ng'ombe, kilo nne,"
kama baba yake alivyomwambia baba yake Nélida,
ila baba yake hakuwa akihesabu noti
huku kaupa ubao mgongo.

Kisu kinabaki hewani.

Ubaldo, mimi muuza nyama. Sikuhubirii kabichi.
Ng'ombe kanisomeshea watoto wawili,
na wa tatu aliyekataa shule nimemlisha vilevile.
Lakini unakumbuka mto ulivyoingia humu bila hodi,
ukailamba mizani miguu,
mimi juu ya friji na daftari la madeni kifuani?
Sisemi umeletwa na ubavu wako wa Jumapili.
Nasema anga nayo ina daftari.
Ng'ombe hana kosa: anacheua, anabeua, ndivyo alivyoumbwa.
Walaji ndio tuliomwita kwa maelfu
halafu tukashangaa kuna joto.
Kuku anadonoa kidogo, anakua upesi,
hana matumbo manne ya kupikia gesi.

"Na mila?" anauliza Ubaldo.

Mila ni kuni kuwashwa saa nne,
na wanaume kuuzunguka moto hadi saa nane
wakidanganyana kuhusu mabao waliyofunga ujanani.
Wavu wa chuma haujawahi kuuliza
kilicholala juu yake kilikuwa na pembe au mbawa.
Mpake limau, chumvi, kitunguu saumu,
mgeuzie ngozi mwishoni, usimharakishe.
Atakayelalamika mlete kwangu.

Kimya. Nzi mmoja anatembea juu ya kioo.

"Kuku kilo tatu," anasema Ubaldo,
sauti ya mtu anayekopa.
"Na kipande kimoja cha ubavu, cha Wilmar.
Wilmar atanuna."

Nélida anapima. Hacheki.
Chenji inayorudi ni nyingi,
Ubaldo anaihesabu mara mbili, ameuelekea ubao.

Jumatatu mvua inanyesha.
Mlango unafunguka nusu, kofia inachungulia:
"Wilmar alikula mapaja matatu.
Sasa, Nélida, hebu niambie,
zile dengu…"