Mlango wa Mafagio

"Kimoja kinatosha," alisema Bi. Khayanga,
bei ameshaikunja kiganjani.
Tulikuwa chini ya jengo lake, Kakamega,
mahali ambapo mvua ya saa tisa husikika
lakini haionekani.

Nilipima kwa hatua. Kumi na nne hadi pampu.
Stoo ya magodoro: kitambua moshi kimoja.
Jenereta, na dumu la dizeli lisilo na kifuniko: kimoja.
Juu ya ngazi, maana moshi hupanda
kama mgeni asiyebisha hodi: kimoja.
"Vitatu," nikasema. Akaguna.
"Fundi, moshi si mwizi. Tutaunusa."

Ukiwa macho, mama. Ukiwa macho.

Nikasukuma mlango wa bati, kule mwisho,
alioniambia ni wa mafagio.
Mafagio yalikuwepo, kweli, mawili.
Na mkeka. Na kikombe chenye majani ya chai
ambayo hayajakauka. Jiko la makaa, dogo.
Sare ya shule imeanikwa kwenye bomba.

Juu yetu mvua ilianza.
Bi. Khayanga aliishika kola ya ile sare,
akakigeuza kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
"Huyu ni wa Shikuku, soja wa usiku.
Aliniambia mtoto yuko kwa nyanyake."
Kisha, bila kunitazama, akafungua pochi.
"Vinne."

Nikatoboa dari. Cha nne nilikijaribu mara mbili;
kililia hadi mbwa wa bucha akabweka.
Betri zibadilishwe kila Desemba, nilimwambia.
Jiko nililipandisha nje mwenyewe,
bado lina uvuguvugu.